Kabla Hujatia Sahihi Kwenda Kulinda Vita vya Watu

"Shikamoo ami. Kuna ajenti amekuja hapa Malindi anatafuta vijana wa ulinzi ng'ambo. Mshahara wa dola, chakula na malazi juu ya kampuni. Nauli ya mpaka Dubai tunajilipia, tutarudishiwa tukianza kazi. Nchi yenyewe hajaitaja, asema tutaambiwa mbele ya safari. Ami, niende?"

Marahaba mwanangu. Usiku ule ule nilimjibu kwa ufupi: muulize jina la kampuni itakayokulipa, na mpaka akujibu usimpe hata ndururu. Kesho yake akanipigia. Ajenti alikuwa amemtoa kwenye kundi la WhatsApp. Wenzake bado wamo, na wawili wameshauza pikipiki.

Kwa hivyo jibu refu naliweka hapa, walione wote. Najua mnachokitaka nyinyi mnaonisoma: nyumba isiyovuja masika, mama aende Hija, mahari isiyotia aibu, boti yenye injini yako mwenyewe. Mimi nilitaka hayo hayo, na sioni haya kuyataka. Simwambii mtu akae barazani ale upepo.

Hasira mtaani ni nyingi, na watu wana haki. Septemba 2025 polisi waliwatoa vijana zaidi ya 20 kwenye nyumba za kupanga kule Athi River, wakingoja kupelekwa Urusi. Novemba, serikali yenyewe ikasema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia vita vya Ukraine upande wa Warusi, na miongoni mwao wamo walioahidiwa kazi za kiraia tu. Hapa Mkunguni, kwetu Amu (Lamu), wazee wamemlaani ajenti mpaka kahawa ikapoa. Lakini ajenti ni dalali. Hasira yangu mimi inampita dalali, inakwenda kwa kampuni zenyewe, zile zinazokodishwa kwenda vitani na zikiua mtu hakuna wa kuulizwa. Nimevaa fulana yao, nazijua.

Nilikuwa bawabu wa hoteli ya ufuoni Malindi. Baada ya fujo za uchaguzi wa 2007 watalii walikauka, nasi tukaambiwa tukae nyumbani mpaka msimu. Msimu haukuja, akaja ajenti. Mafunzo, viza, kulala wanane chumba kimoja Dubai, hayo nayaruka, hayana ladha. Mwaka 2010 ulinikuta kwenye lango la kambi moja nje ya Baghdad, nimevaa fulana ya kuzuia risasi iliyonipwaya mabegani, mkononi nina kioo cha fito ndefu cha kuchungulia chini ya magari.

Asubuhi vibarua wa Kiiraqi walipanga foleni kuingia kambini, na siku zile hawakuwa na salamu na mtu. Sababu nilikuja kuambiwa na mmoja wao aliyenionyesha gazeti. Tarehe 16 Septemba 2007, katika uwanja wa Nisour mjini Baghdad, walinzi wa Blackwater, kampuni iliyoajiriwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani kulinda wanadiplomasia wake, walimimina risasi kwenye magari ya watu barabarani. Raia 17 walikufa. Mahakama za Iraq hazikuweza kuwagusa, kwani utawala wa Wamarekani, kabla ya kukabidhi nchi 2004, uliacha Amri Nambari 17 iliyowakinga wanakandarasi wa kigeni wasishtakiwe kwa sheria za Iraq. Kinga ile iliondoka mwanzo wa 2009. Kesi ya Nisour ikapelekwa Washington, na siku ya mwisho ya 2009 jaji akaitupa, akasema waendesha mashtaka wametumia maelezo ambayo walinzi walikuwa wameyatoa kwa ahadi kwamba hayatawageukia.

Hiyo ndiyo habari iliyokuwa gazetini. Yule kibarua alinigongea kidole kwenye picha, kisha akagonga beji yangu. Nikamwambia mimi si Blackwater. Akasema, "Najua. Nyote hamna majina."

Kesi ilifufuliwa baadaye. Mwaka 2014 wanne walipatikana na hatia, mmoja wao ya mauaji ya kukusudia. Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe wote wanne. Siku ile nilikuwa Amu, nikafunga simu nikaenda kuswali.

Turudi langoni. Kiarabu changu ni cha chuoni, cha Qur'ani na khutba. Nikimwambia dereva ashuke garini, nilitamka kama khatibu aliye juu ya mimbari, na Wairaqi wakacheka. Lakini walinielewa, kwa hivyo kila palipokuwa na neno la kutafsiri niliitwa mimi, bila nyongeza ya hata dola moja.

Asubuhi moja ya kiangazi msafara wa kampuni nyingine ulitoka kwenye lango letu. Nyuma yake likasogea gari dogo la mizigo lililokuwa likileta vipande vya barafu sokoni, vile virefu vinavyofunikwa kwa gunia. Lilisogea karibu mno, basi. Gari la mwisho la msafara lilifyatua risasi, halikusimama. Dereva alipigwa pajani. Msimamizi wetu akasema tusitoke, hilo liko nje ya mstari wetu. Polisi wa Iraq waliokuwa njia panda wakasema ni mambo ya kambi. Walibishana kwa redio mpaka barafu ikawa maji yanayotiririka mpaka kwenye viatu vyangu, ndipo gari la wagonjwa likaja.

Baada ya siku kadhaa mamake na ndugu yake walikuja langoni na karatasi ya kituo cha polisi. Mguu ulikuwa umekatwa. Walitaka jina tu, jina la kampuni, walijaze kwenye karatasi. Nikaitwa. Msimamizi akaniambia, "Waambie si gari letu." Nikawaambia. Wakauliza ni la nani. Akasema la kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa iliyopewa kazi na serikali, na yeye hana ruhusa kuitaja hata moja. Nikawaambia hilo pia, na sijui niliitafsiri vipi, maana Kiarabu cha chuoni hakina kandarasi ndani ya kandarasi. Yule mama akanitazama mimi, si msimamizi. "Wewe Mwislamu?" Nikasema ndiyo. "Basi niambie nani wa kumuuliza."

Mpaka leo sina wa kumtajia.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo vijana wengi wananikatiza na kusema, "Hiyo ni shida ya Wairaqi, ami, sisi tunaenda kulipwa." Miezi michache mbele kombora lilianguka karibu na matangi ya maji, sikio langu la kushoto likazibika mpaka leo. Daktari wa kambi akaniandikia karatasi. Kabla sijalipwa chochote, kampuni yangu ikapoteza tenda. Ikaja nyingine, na wasimamizi ni wale wale, wamebadilisha shati. Nikauliza habari ya sikio langu, wakaniambia hiyo ni ya kampuni ya zamani. Nikapiga simu Dubai kwa kampuni ya zamani: nambari haipo. Pasipoti yangu walikuwa nayo kwenye mfuko mmoja na za wenzangu. Nami nikasimama pale pale aliposimama mama wa mwenye barafu, nikiuliza swali lake.

Ni shimo moja. Lililommeza yule mama na kesi yake ndilo lililoimeza haki yangu. Kampuni iliyojipanga isiulizwe na maiti haitajipanga iulizwe na bawabu wa Malindi.

Kilichoniokoa, na hapa niruhusuni nijisifu kidogo, ni daftari. Tangu siku ya kwanza niliandika kila kitu: zamu, jina la msimamizi, nambari ya gari, tarehe ya mshahara na upungufu wake. Niliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alivyonifundisha bibi yangu. Siku waliyotupekua waliliona wakaingiwa na hofu, wakamwita mkalimani wa Kilebanoni alisome. Akalisoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini, herufi zote anazijua na hakuambulia kitu. Wakanirudishia.

Mganda mmoja tuliyeshiriki naye chumba ndiye aliyeniambia kuna sheria ya Marekani ya tangu 1941, Defense Base Act. Kazi ikiwa inalipwa na serikali ya Marekani nje ya nchi yao, mwajiri lazima akukatie bima ya kuumia na kufa, uwe Mmarekani, uwe wa Matondoni. Umjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30, na madai uyapeleke ndani ya mwaka. Haikubandikwa ukutani kwa lugha yoyote niliyoiona. Na hata hiyo ina upande wake: wewe mgeni usiyekaa Marekani, fidia ya kudumu inaweza kukatwa ulipwe nusu ya thamani yake kwa mkupuo, na ukifa wanaotambuliwa ni mke na watoto, au wazazi uliokuwa ukiwalisha. Ndugu yako mdogo uliyemsomesha hayumo. Mimi nililipwa, baada ya barua nyingi, kwa sababu nilikuwa na karatasi ya daktari na kurasa za daftari. Nilinunua injini. Wenzangu walioumia bila karatasi hawakununua kitu.

Kwa hivyo: wekeni maandishi. Kila kitu maandishi. Piga picha mkataba, beji, ukurasa wa pasipoti, mtumie mtu wa nyumbani kabla hujapanda ndege. Mkataba utabadilishwa Dubai, wangu ulibadilishwa. Wa kwanza uwe salama kwa mama. Nchi isiyotajwa usiiendee. Wanepali 12 waliouawa Iraq Agosti 2004 hawakuondoka kwao wakijua wanakwenda Iraq, wako walioahidiwa kazi ya hoteli Jordan. Mwaka huo huo madereva watatu Wakenya walitekwa huko wakiendesha malori ya kampuni ya Kuwait, na kurudi kwao hai kulikuwa ni rehema za Mungu. Ajenti mtazame kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hayumo? Basi. Na usitoe pesa. Kwa kandarasi za Marekani, tangu amri ya Rais Obama ya 2012, kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa ni marufuku, na kumshikia pasipoti vilevile. Atakayekuomba pesa ameshakuonyesha atakavyokutendea huko mbele. Narudia, usitoe pesa.

Na msidhani haya ni ya Uarabuni peke yake. Shukeni na pwani hii hii mpaka Cabo Delgado, kwa ndugu zetu Wamwani, ambao mzee wa Amu akiwasikia wakisema huambulia maneno mengi. Msumbiji iliwaleta Warusi wa Wagner, kampuni ya wapiganaji wa kukodiwa, 2019 wapigane na waasi, wakapigwa wakaondoka. Ikakodisha Dyck Advisory Group ya Afrika Kusini na helikopta zake. Machi 2021 Amnesty International ikatoa ripoti kwamba helikopta zile zilifyatulia watu risasi bila kubagua raia na mpiganaji. Kampuni ikasema itaweka mawakili wachunguze. Mvuvi wa Mocímboa da Praia aliyechomewa nyumba atawafuata wapi mawakili hao? Mali nako, kijiji cha Moura, Machi 2022: Umoja wa Mataifa ulisema watu wasiopungua 500 waliuawa na jeshi la nchi pamoja na wanajeshi wa kigeni. Wa kigeni nani, hakuna aliyesimamishwa kizimbani.

Hata hapa mlangoni kwetu. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, hapa Lamu, unaotumiwa na majeshi ya Kenya na Marekani, barazani tulisema wamekufa wanajeshi watatu wa Marekani. Mwanajeshi alikuwa mmoja. Wawili walikuwa wanakandarasi. Sitawalilia kuliko ndugu zao, lakini nendeni mkaone wao kwa wao wanavyohesabiwa: mwanajeshi anaingia kwenye hesabu ya vita, mwanakandarasi anaingia kwenye hesabu ya bima. Kama ni hivyo kwa Mmarekani mwenye pasipoti yake mfukoni, wewe utaingia hesabu gani?

Kuna Hati ya Montreux ya 2008 inayoyaambia mataifa wajibu wao juu ya kampuni hizi, na kuna kanuni za maadili zilizofuata, na chama chake kiko Geneva tangu 2013. Muulize ajenti kama kampuni yake ni mwanachama. Lakini hati ile haimfungi mtu, na chama hakina jela. Mkataba wa Afrika dhidi ya mamluki, wa 1977, uliandikwa kwa ajili ya wale wanaokodiwa kuangusha serikali. Mlinzi wa lango na dereva wa msafara wanapita katikati ya vidole vyake. Wabunge wetu wa pwani wanajua kulia misibani. Nataka kumsikia mmoja akisimama Nairobi kudai kwamba kampuni yoyote inayochukua kijana wetu kwenda vitani iweke dhamana ya pesa hapa Kenya, na jina la mtu wa kushtakiwa hapa hapa, kabla ya ndege kuruka. Mpaka hapo, mkipewa bunduki na kampuni isiyo na jina, jueni kuna mama atakayesimama mbele yenu na karatasi. Si lazima awe wa Kiiraqi.

Walio na mikataba mkononi, fichani nambari ya pasipoti mnitumie picha. Naisoma bure, baada ya isha, na nitawaambia kila mstari unasema nini. Wale vijana wawili waliouza pikipiki, nanyi nitumieni wenu leo, msingoje Dubai. Na maajenti walioanza kunitumia vitisho usiku: nambari zenu nimezitia daftarini, pamoja na tarehe.