Tanga hadi Dar kwa ndege: dakika za angani si safari nzima

Mtu akiniuliza Tanga na Dar pana umbali gani, namuuliza kwanza anapita wapi. Kwa basi, kupitia Segera na Chalinze, ni kama kilomita 350. Kwa ndege, mstari ulionyooka kutoka uwanja wetu hadi wa Julius Nyerere ni karibu 200 tu. Barabara huingia bara kwanza ndipo igeukie Dar, na miji yenyewe yote miwili iko pwani.

Wengi wakishaiona hiyo 200 kwenye intaneti, basi, hesabu imekwisha. Zile ndege ndogo aina ya Caravan, za injini moja, hukata kilomita 300 hivi kwa saa, kwa hiyo dakika 40 umefika. Sawa, ikiwa inakwenda moja kwa moja. Lakini ikipitia visiwani, inavuka kwanza hadi Pemba, kilomita 85 hivi, inashusha na kupakia, inakwenda Unguja, kama 125 nyingine, halafu inamalizia sabini na kitu hadi Dar. Jumla karibu 280, na kutua mara mbili njiani. Kabla hujalipa, muulize wakala: inatua wapi na wapi? Kusi likishika nalo, ndege ya kwenda Dar inapigana na upepo wa mbele, ila hapo unapoteza dakika chache tu.

Mzigo ndio unaoleta maneno. Ndege hizi kwa kawaida zinaruhusu kilo 15, tena begi laini, maana sehemu ya mizigo ni finyu na sanduku gumu halikunjiki. Nimemwona mama mmoja pale mzanini akipunguza kiroba cha machungwa ya Muheza, moja moja, jicho liko kwenye namba. Yaliyobaki yakawa halali ya madereva bajaji.

Sasa wewe unayeunganisha kwenda Dubai kufuata mzigo wa duka. Dar hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000. Tiketi huandika saa za mahali husika, na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Tuseme imeandikwa kuondoka 16:00, yaani saa kumi jioni, na kufika 22:30. Usiseme saa sita na nusu. Toa moja, angani unakaa tano na nusu. Wakati wa kurudi ni kinyume chake, unaongeza.

Pale Dar penyewe, ndege ndogo hutumia Teminali 1, ile ya zamani, na za nje huondokea Teminali 3 iliyofunguliwa 2019. Usidhani ni kuvuka ukumbi. Ni kutafuta gari, kupakia upya, kuingia barabarani. Mimi nisingekubali chini ya saa tano kati ya kutua na kuruka, kwa sababu ndege ndogo ikichelewa Pemba, ile kubwa haikusubiri, hasa kama tiketi ni mbili tofauti.

Ukija na basi ukashuka stendi ya Magufuli kule Mbezi, bado una foleni ya kukufikisha uwanjani, na jioni foleni hiyo haina adabu. Kwa safari ya nje mimi nateremka Dar siku moja kabla. Mtu wa Tanga hakosi shangazi wa kulala kwake Dar.