Nilimeza dawa za unyogovu nikiwa na mimba ya mvulana

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kutoka Kayole, Nairobi. Ana mimba ya miezi mitano, anameza sertralini, dawa ya unyogovu, mwaka wa pili huu, na amesoma kwenye simu kwamba dawa hizo huharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni, hasa wa kiume. "Dada, nimezitupa chooni leo asubuhi. Nimefanya vizuri?"

Ilikuwa saa saba usiku. Nilimjibu kabla hata sijatafuta miwani: hapana, kukicha tu mpigie daktari wako. Kisha usingizi ukanikataa, maana hata mimi niliwahi kuzitupa.

Mimba ya binti yangu sikumeza chochote. Unyogovu ulinijia baada ya kumzaa. Nilikuwa nafungua mfereji kuosha chupa yake nasimama hapo tu, maji yakitiririka hadi tangi la ploti nzima likaisha. Wapangaji walininunia, na kwa shida ya maji ya mtaa wetu wa Umoja siwalaumu. Dawa ndizo zilizonitoa kwenye ile sinki.

Niliposhika mimba ya pili, sista wa kliniki alifungua kijitabu changu, akaona jina la dawa, akauliza benchi zima la akina mama likisikia: "Kwa hivyo huyu mtoto unamlisha dawa za wazimu?" Kliniki siitaji. Lakini rangi ya kucha zake naikumbuka mpaka leo.

Niliacha siku hiyo hiyo. Kizunguzungu kikaja, kila nikigeuza kichwa nasikia kama stima inapita ndani. Wiki ya tano nilisimama kando ya Jogoo Road nikitazama matatu kwa namna ambayo sitaieleza hapa. Mume wangu alinishika mkono, tukaenda hospitali. Daktari alinirudishia dawa, dozi ndogo kwanza. Miezi iliyofuata nairuka, ilikuwa ya kulala na kula ndimu.

Nilipopata nguvu nikaanza kusoma. Serotonini tunaijua kwa mambo ya hisia, ila kwa mtoto aliye tumboni ina kazi nyingine: inasaidia seli za ubongo kukua na kuunganishwa. Dawa zetu huigusa, na hupita kwenye kondo la nyuma, kwa hivyo wanaouliza wana haki ya kuuliza. Mwaka 2004 watafiti wa Columbia University, New York, waliwapa watoto wa panya fluoksetini, dawa nyingine ya unyogovu, tangu siku ya 4 hadi ya 21 baada ya kuzaliwa. Walipokua wakawa waoga kuliko wenzao. Tafiti nyingine za wanyama zimeona madume na majike wakiathirika tofauti, lakini hazielekei upande mmoja: mara dume, mara jike, kutegemea dawa, dozi na siku iliyotolewa. Hapo ndipo mitandao iliokota ile "hasa wa kiume".

Sasa njoo kwa watu. Mwaka 2017 zilitoka tafiti mbili kubwa, moja ya Ontario, Kanada, nyingine ya Uswidi. Zililinganisha ndugu wa mama mmoja, mmoja aliyeipata dawa tumboni na mwingine ambaye hakuipata, na ile hatari ya usonji (autism) iliyokuwa ikitisha watu haikuonekana. Panya wa New York hakuwa na mama anayelia kwenye sinki. Unyogovu usiotibiwa nao huja na yake, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati likiwemo.

Sisemi dawa zote ni sawa. Paroksetini, nayo ya unyogovu, imehusishwa na kasoro za moyo. Valproate, ambayo wengine hupewa kwa kifafa au kwa hisia zinazopanda na kushuka, ni hatari kweli kwa mimba. Ndiyo maana nasema ongea na daktari, ikiwezekana kabla ya mimba. Na usiache ghafla. Ukishamaliza kuongea naye, usiache ghafla.

Mwanangu alizaliwa akitetemeka kidevu kama mtu aliyeogeshwa maji baridi. Siku ya tatu kikatulia. Walikuwa wameniambia hutokea kwa baadhi ya watoto, na sertralini inayoingia kwenye maziwa ni kidogo, kwa hivyo nikanyonyesha.

Ninachokionea aibu ni kilichofuata. Nilimchunguza yule mtoto miaka miwili kama panya wa maabara. Dada yake katika umri huo alikuwa tayari ananisengenya kwa majirani, yeye ana maneno sita. Siku moja nikamkuta dirishani amepanga vizibo vya soda mstari mmoja, vyekundu huku, vya kijani huku. Nikawaza usonji. Nilimrekodi nikamtumia daktari, vidole vikitetemeka. Akaniuliza jambo moja tu: akiweka kizibo, anageuka kukuonyesha? Nikaitazama video tena. Aligeuka kila kizibo. Anacheka, ananitafuta, na mimi niko nyuma ya simu nimekunja uso.

Akina mama, acheni kuwasoma watoto kama majibu ya maabara! Na ninyi masista, punguzeni sauti.

Jana yule wa Kayole alijibu. Daktari amemrudishia dawa na atamwona tena baada ya wiki mbili. Akauliza kijana wangu yukoje. Ana miaka mitano, nikamwambia, na vizibo anamuuzia dada yake, shilingi mbili kimoja.