Oili ya difu baada ya kupita kwenye maji: anza na nati ya juu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Prado ya mwaka 2006, ya petroli, naishi Tabata. Masika haya nilipita Jangwani maji yakiwa nusu ya tairi. Jirani yangu, dereva wa siku nyingi, ananiambia nibadilishe oili ya difu. Fundi wangu anasema oili ya difu haibadilishwi mpaka difu yenyewe ife. Nataka kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani, spana ninazo. Nianzie wapi, na niweke oili gani?

JIBU: Salama, kaka. Safari hii jirani kampiku fundi. Difu ni lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa matairi. Oili yake hukaa muda mrefu, ndiyo maana wengi wetu gereji tunaisahau, lakini nayo huchoka. Kwa gari linalotembea pakavu mimi hushauri kila kilomita 40,000 hivi. Lililopita Jangwani kwenye maji ya nusu tairi halisubiri kilomita.

Ekseli inayotoka kwenye lami inakuwa na joto, na hewa ya ndani imetanuka. Ukiitia ghafla kwenye maji baridi, hewa ile husinyaa na kuvuta kilicho karibu, ama kupitia kipumulio (kitundu cha kupumulia cha ekseli), ama pembeni ya sili zilizochoka, yaani mipira inayozuia oili isivuje. Maji ya nusu tairi yanazifikia sili, na daladala likikupita hapo, wimbi lake linapanda juu zaidi. Kinachoingia ni maji ya mto Msimbazi, yaani na tope na mchanga wake. Beringi huanza kushika kutu, na meno ya kraunwili (gia kubwa ya ndani) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) yanakosa utando wa oili wa kuyatenganisha.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pima. Liache gari lilale usiku kucha, asubuhi usiliwashe. Fungua kwanza nati ya kujazia, ile ya juu. Ikishafunguka, legeza ya chini kidogo tu, kinga matone ya mwanzo, kisha ikaze. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yaliyojitenga hutangulia kutoka. Yale yaliyokwisha kukorogwa utayajua kwa rangi: oili inakuwa chai ya maziwa. Oili iliyozeeka tu ni nyeusi na inanuka vibaya, na hiyo haina la kutisha.

Nimesema nati ya juu kwanza, na hapa sina mzaha. Gari la umri huu nati hizi huwa zimeganda. Ukimwaga oili yote halafu ya juu ikagoma, au ukaila kona zake kwa spana mbovu, difu ni tupu na gari haliendi popote. Itabidi ulipie gari la kuvuta kwa kazi uliyotaka kuifanya bure. Difu ya nyuma ya Prado yako inatumia soketi namba 24. Tumia ya pembe sita, isiyoteleza, na mpini mrefu. Difu ya mbele nati zake hufunguliwa kwa alenki namba 10 (ufunguo wa pembe sita unaoingia ndani ya nati), na tundu lake lisafishe tope kwanza kwa bisibisi ili alenki izame mpaka mwisho.

Oili: tafuta iliyoandikwa GL-5 (hilo ni daraja la oili ya gia), unene 75W-90 au 80W-90, kwa joto la Dar zote mbili zinafaa. Muuzaji akikwambia GL-4 ni ileile, ondoka dukani. Katika difu ya aina hii pinioni imekaa chini ya kitovu cha kraunwili, kwa hiyo meno hayabingiriki tu, yanateleza yakiwa yamekandamizana kwa nguvu. GL-5 ina kemikali za salfa na fosforasi nyingi za kuyalinda, na harufu yake ya yai viza inatokana na hiyo salfa. Itakayobaki usiimalizie kwenye gia boksi ya manyuali bila kusoma kitabu, kwa sababu baadhi ya gia boksi zina sehemu za shaba nyeupe ambazo kemikali hizo huzila. Kama difu yako ya nyuma ni LSD, ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure, nunua oili iliyoandikwa LSD. Ya nyuma inachukua takribani lita 3, ya mbele karibu lita moja na nusu. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha gari. Nunua dukani kwa wakala anayejulikana. Pale Kariakoo oili ya kughushi nayo ina kopo zuri na lakiri.

Siku ya kumwaga, endesha kama dakika ishirini, nenda Ubungo kwa Mandela urudi, oili ipate uvuguvugu iteremke na uchafu wake. Lisimamishe gari pasipo mteremko, weka vizuizi kwenye matairi, vuta hendibreki. Prado ina kimo cha kutosha, unaingia chini bila jeki, na ndivyo ninavyopenda: ukiinua upande mmoja, kipimo cha oili kinadanganya. Ukilazimika kuinua, liinue gari lote kwa usawa juu ya stendi nne, chini ya kila moja ubao mpana kama uwanja ni wa mchanga. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Ikishamwagika yote, angalia nati ya chini. Kama ina sumaku utakuta uji mwepesi wa kijivu. Ufute, ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari nyingine, na hapo difu inahitaji kufunguliwa. Safisha, weka washa (pete ya nati) mpya, kaza kwa kipimo cha kitabu, usikaze kwa hasira.

Kujaza ndiko kunakochosha, maana tundu liko ubavuni na kopo haliinamishiki. Nunua pampu ya mkono, au pitisha mpira mwembamba kutoka juu kwenye uvungu wa tairi, na faneli mwisho wake. Kopo lianike juani kabla, oili ilegee. Jaza mpaka ianze kuchuruzika tunduni, subiri ikome, funga.

Ulichomwaga kikiwa cha maziwa, usiishie hapo. Endesha siku chache, mwaga tena, ndipo ujaze ile utakayoishi nayo. Ya mzunguko wa kwanza inaweza kuwa GL-5 ya bei nafuu. Wapo wanaosuuza difu kwa mafuta ya taa. Usikubali, yanabaki kwenye beringi na kuipunguza nguvu oili mpya.

Prado yako inaendesha matairi manne muda wote, kwa hiyo kagua pia difu ya mbele na transfa, boksi linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Transfa ina nati zake na kipimo chake, fuata kitabu.

Halafu kipumulio, ambacho ndicho watu hukiruka. Fuata mpira wake mwembamba kutoka juu ya ekseli ya nyuma mpaka kwenye kofia yake ndogo. Tope likikiziba, difu ikipata joto presha inakosa pa kutokea na kusukuma oili nje kupitia sili. Nimeona watu wakibadilisha sili ya pinioni mara mbili kumbe kipumulio ndicho kimeziba. Kofia iliyoganda ni bei ndogo, badilisha.

Oili chafu irudishe kwenye makopo, uipeleke gereji inayokusanya. Najua wengine huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa. Mtaroni isiende, mtaro wa Tabata unaishia Msimbazi.

Na kama gari tayari linavuma ukifika kilomita 80 kwa saa, na mvumo unabadilika ukiachia akselereta, oili mpya haitauponya. Hayo ni meno au beringi, lete gereji.