Sanduku la Fundi: Ua la mninga linalohama

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo Kizota, hapa Dodoma, natengeneza milango na vitanda. Mashine yangu ya CNC (inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta) niliiunga mwenyewe: Arduino Uno, yaani kibao kidogo cha elektroniki, yenye programu ya GRBL inayotuma amri za mwendo, mota za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) za ukubwa wa NEMA 23, umeme wa volti 36, na skrubu inayosogeza milimita 5 kwa mzunguko. Mwezi uliopita draiva (kifaa kinachoipa mota umeme) ya mhimili wa X iliungua, nikaweka nyingine aina ya DM542 na kuipanga mapigo 1600 kwa mzunguko. Ncha zake za amri, PUL- na DIR-, nimezifunga graundi. Tangu hapo, nikichonga ua lenye petali nyingi, hadi kazi iishe limehamia kulia karibu milimita 2. Nimepunguza mwendo nusu, bado. Nikanunua mota kubwa ya NEMA 34, sasa inaunguruma na kusimama njiani. Mbao tatu za mninga zimeshaharibika. Nifanyeje?
Seremala, Kizota

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa hizo mbao, najua mninga mkavu unavyotafutwa. Usinunue kitu kingine chochote. Fungua hiyo NEMA 34, urudishe mota yako ya zamani. Haikuwa na kosa.

Kilichonifungua macho ni pale uliposema umepunguza mwendo nusu na ua likahama vilevile. Stepa iliyozidiwa nguvu haiko hivyo: ukiikimbiza inashindwa, ukiipunguza inapona. Tena ikishindwa haipotezi kidogo kidogo. Huruka hatua nne kamili, au nane, au kumi na mbili, na kwa mota ya hatua 200 na skrubu yako, hatua nne ni milimita 0.1. Utasikia mlio, na utaona mchoro umevunjika ghafla mahali pamoja. Ua lako linasogea taratibu, upande uleule, siku zote.

Mimi hapo naiangalia draiva mpya. Inapokea amri mbili: PUL inaiambia ipige hatua, DIR inaiambia ielekee wapi. DM542 inataka DIR iwe imeshatulia angalau maikrosekunde 5 kabla pigo halijaingia. GRBL, kama ilivyo, hubadilisha DIR na kuwasha PUL karibu kwa wakati mmoja. Basi mhimili unapogeuka, draiva inapokea pigo kabla haijajua kwamba upande umebadilika, na hatua ya kwanza inakwenda kule kwa zamani. Na kwa nini kulia tu? Kwa sababu vile vipokezi vya mwanga vilivyo ndani ya draiva haviwaki na kuzimika kwa kasi moja. Kugeukia upande mmoja kunawahi, kugeukia wa pili kunachelewa. Huenda draiva yako ya kwanza ilikuwa na haraka kuliko hii, ndiyo maana hukuliona tatizo.

Sasa chukua kalamu. Milimita 5 gawanya kwa 1600, kila pigo ni milimita 0.003125. Pigo likienda kinyume umekosa mawili: lile lililotakiwa na lile lililorudi. Hiyo ni milimita 0.00625 kila X inapokwenda na kurudi. Ikienda na kurudi mara 320, umepata milimita 2 kamili, na ua la petali nyingi linafika huko bila taabu.

Usiniamini kwa maneno, pima. Andika faili fupi ya kupeleka X milimita 20 na kuirudisha, mara 320, biti ikiwa juu na spindeli imezimwa. Pima kwa vernia kabla na baada. Ikihama milimita 2, ndilo hilo. Isipohama, washa spindeli urudie, maana kelele za umeme wake huingia kwenye nyaya za amri. Bado? Chora mstari wa kalamu kutoka kwenye shafti ya mota hadi kwenye kapulingi inayoiunga na skrubu, uchonge kitu, uone kama mstari umeachana.

Tiba yake haina gharama. Kwenye GRBL andika $2=1, yaani pigo la X ligeuzwe. Kwa jinsi ulivyofunga graundi, ukingo wa pigo (pale umeme unapopanda) ambao draiva inausubiri utakuja mwishoni mwa pigo, na pigo la GRBL kwa kawaida ni maikrosekunde 10 (namba hiyo iko kwenye $0). DIR itakuwa imeshatulia zamani. Siku ukibadilisha draiva za Y na Z nazo ziwe kama hii, andika $2=7. Kisha rudia kipimo kilekile kabla hujagusa mninga.

Kuhusu mota kubwa, hili linawaumiza wengi na linanisikitisha, kwa sababu pesa inakwenda bure. Ukinzani wa koili kwa mabadiliko ya mkondo wa umeme (inductance) hupimwa kwa milihenri. Kuna kanuni ya mafundi: chukua kipeuo cha pili cha milihenri hizo, zidisha kwa 32, unapata kikomo cha volti ambazo mota inaweza kuzitumia. Koili ya 2.25 inafika volti 48. Koili ya 9 inafika volti 96, na DM542 mwisho wake ni 50. Mota kubwa kwenye volti 36 ina nguvu ikisimama, lakini ikikimbia inakufa njaa.

Tena, hukusema draiva ya kwanza iliunguaje. Kama ulichomoa plagi ya mota umeme ukiwa unawaka, sababu ni hiyo. Zima, subiri taa ya draiva izimike, ndipo uchomoe.

SWALI: Stepa yangu inatetemeka tu, haizunguki. Ina nyaya nne na karatasi yake imepotea.
Mwanafunzi, Mpwapwa

JIBU: Umechanganya koili, binti yangu. Chomoa mota kwenye draiva, umeme ukiwa umezimwa. Gusanisha nyaya mbili, uzungushe shafti kwa vidole. Ikiwa nzito, hizo mbili ni koili moja: zifunge kwenye A+ na A- za draiva. Zilizobaki ni B+ na B-. Ikizunguka kinyume na unavyotaka, badilishana nyaya za koili moja tu.