Maskati hadi Delhi: Safari ipi ndefu, ya kwenda au ya kurudi?

SWALI: Januari nampeleka mama Delhi kwa matibabu, tutapitia Maskati. Tiketi inaonesha tunaondoka Maskati 22:15 na kufika Delhi 02:45, yaani saa nne na nusu. Kurudi tunaondoka 04:10 na kufika 06:05, hata saa mbili hazitimii. Ipi sahihi? Na umbali ni kiasi gani?
Msomaji, Chake Chake, Pemba

JIBU: Zote sahihi, ila kila saa kwenye tiketi ni ya mji ule ule inapotajwa. Delhi imetangulia Maskati kwa saa moja na nusu (Zanzibar kwa saa mbili na nusu), na hiyo nusu ndiyo inayowapotosha wengi. Ukienda, toa 1:30: zinabaki saa tatu kamili. Ukirudi, ongeza 1:30: unapata saa tatu na dakika 25. Kumbe kurudi ndiko kurefu.

Umbali wa moja kwa moja baina ya viwanja hivyo ni kiasi cha kilomita 1,950. Kwa mwendo wa kilomita 830 kwa saa, ni kama saa mbili na dakika 20 angani. Zilizobaki ni za kupanda, kushuka na kutambaa uwanjani, maana tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka mlangoni mpaka inaposimama.

Tofauti ya kwenda na kurudi inaletwa na upepo. Sisi Januari tunaijua kwa kaskazi, lakini huo ni upepo wa chini. Kilomita 11 juu ya kaskazini mwa India, msimu huo huo, unavuma upepo mkali kutoka magharibi, ambao huweza kupita kilomita 180 kwa saa. Ukienda unakusukuma, ukirudi unakukabili. Wakati wa kusi husogea kaskazini ya Himalaya, na tofauti hupungua.

Angalia pia ndege ni ya nchi gani. Njia fupi hupita kusini mwa Pakistan. Aprili 2025 Pakistan ilizifungia anga yake ndege za mashirika ya India, zikalazimika kuzunguka kupitia Gujarat. Linganisha muda kabla ya kulipa.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni ukungu. Desemba na Januari huishika Delhi usiku wa manane hadi asubuhi, na ndege huweza kupelekwa Jaipur au Lucknow kusubiri. Mnafika saa tisa kasorobo usiku, tarehe ikiwa imeshabadilika: hoteli ilipieni tangu usiku wa kuondoka Maskati, na miadi ya daktari iwe siku inayofuata ile ya kufika.

Dawa za mama zikae mkoba wa mkononi. Kama anameza kila baada ya saa 12, iacheni simu moja kwenye saa za nyumbani na mhesabu kwa hiyo, mpaka daktari wa huko ampangie upya.