Anajua majibu, lakini karatasi anarudisha nusu tupu

Swali: Daktari, mwanangu ana miaka 9 na mwaka jana aligundulika kuwa na ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kushikilia umakini. Ukimuuliza kwa mdomo anajibu vizuri, lakini kwenye mtihani anaruka maswali, na madaftari hayarudi nyumbani. Mwalimu anasema ni uvivu, kwa sababu mchezo wa simu anaucheza saa mbili bila kuchoka. Tumemsema, tumemnyima simu, hajabadilika. Nimwombe mwalimu afanye nini hasa? Na dawa, ni lazima?

Jibu: Mama, nianze na hiyo simu, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Mchezo unamjibu mtoto kila sekunde: umepata, umekosa, umepanda ngazi. Zoezi la hesabu linamjibu kesho, daftari likishasahihishwa. Mtoto mwenye ADHD hupata taabu sana kushikilia kazi ambayo faida yake iko mbali, kwa hiyo zile saa mbili za mchezo hazithibitishi uvivu hata kidogo. Ni tatizo lenyewe hilo linajionyesha.

Ndiyo maana kumnyima simu Ijumaa kwa kosa la Jumatatu hakufui dafu. Muulize kanuni za darasa, atakutajia zote. Anakwama kwenye kuzitenda saa ile ile, na msaada nao unatakiwa uwe pale pale, kwenye dawati.

Ningekuwa wewe ningeomba jambo moja kwanza: kadi ya siku. Ni karatasi ndogo yenye mambo matatu, yasizidi, na yote yawe ya kuhesabika. "Amemaliza maswali 3 kabla ya kengele." "Ametia daftari kwenye mkoba kabla ya kutoka." Maneno kama "awe na nidhamu" yaache, hayapimiki. Kila kipindi kikiisha mwalimu anaweka tiki au kosa, kazi ya nusu dakika. Jioni mnaisoma pamoja na zawadi inatoka siku hiyo hiyo. Dakika kadhaa za ule ule mchezo wa simu zinafaa kabisa (najua, ndio mliomnyima).

Wazazi wengi huharibu mwanzoni. Wanataka ukamilifu, mtoto anashindwa siku tatu mfululizo, kadi inaishia jalalani. Kama sasa anamaliza maswali mawili kati ya matano, lengo la kwanza liwe matatu. Siku mbaya haina zawadi, wala haina mahubiri. Na kadi ikipotea njiani, ihesabiwe kama siku isiyo na zawadi, la sivyo utashangaa jinsi kadi mbaya zinavyopenda kupotea.

Kuhusu mtihani, wengi huomba muda wa ziada. Kwa mtoto wa aina hii mimi siutegemei sana. Mara nyingi anaongezewa tu muda wa kutazama dirishani. Ombeni karatasi igawanywe vipande viwili: anamaliza cha kwanza, anakirudisha, ananyoosha miguu, anapewa cha pili. Maelekezo yatolewe moja moja na yabaki ubaoni, kwa sababu akiambiwa mambo matatu kwa mpigo, la pili na la tatu yameshayeyuka kabla hajafungua kalamu. Akae mbele, mbali na mlango. Akichezea kifutio huku anaandika, aachwe.

Dawa si lazima kwa kila mtoto. Walio chini ya miaka 6 huanza na mafunzo kwa wazazi. Kwa umri wa mwanao, dawa kama methilifenideti huwasaidia wengi. Ile ya muda mfupi hufanya kazi kwa takriban saa 4. Inaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, hivyo daktari hufuatilia uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Lakini dawa haimfundishi yale yaliyompita alipokuwa hasikilizi. Kama kusoma kwenyewe ni kugumu, apimwe kwa hilo peke yake, kwani matatizo ya kusoma huandamana na ADHD mara nyingi. Macho na masikio pia. Na akiwa na tabia ya kuduwaa sekunde chache hata ukimgusa asiitike, mweleze daktari mapema: kuna aina ya kifafa inayofanana sana na kutokuwa makini.

Mwisho, namna ya kumwendea mwalimu. Ukitanguliza barua ya daktari na orodha ya madai, mwenye darasa zima ataona ameongezewa mzigo. Nenda na kadi umeshaichora mwenyewe, nakala za kutosha, na umwombe wiki mbili tu za kujaribu.