Jibu: Ile "sitari" ya Stevie Wonder

Salama mkuu. Umeuliza kama mwanzoni mwa wimbo wake "Signed, Sealed, Delivered" (1970) kuna Mhindi anayepiga sitari, ile ala ya nyuzi ya Kihindi. Hapana, hilo ni gitaa. Linaitwa Coral Electric Sitar, lilitoka mwishoni mwa miaka ya 1960: nyuzi sita za kupigwa, pembeni nyingine 13 za kuitikia, yaani hutetema zenyewe zile sita zikipigwa. Mchezo wote uko kwenye daraja, kile kipande nyuzi zinapokalia upande wa chini wa gitaa. Ni bapa, uzi unaligusagusa ukitetema, ndipo unavuma kama nyuki.

Kwanza vaa hedifoni usikilize mwisho wa kila noti, maana gitaa la kawaida huzima safi, hili linakwaruza. Halafu sikiliza "Band of Gold" ya Freda Payne, ni dude lilelile. Kuiga nyumbani, mimi huchomeka karatasi katikati ya nyuzi karibu na daraja. Haifanani sana, lakini inapita.